Highlander ya 2008 ao ya 2009?

Muso yetu ya walimu ilikuwa na pesa ya motokari moja tu, ya kushusha mama wenye mimba toka vilima vya Kabare. Tulionyeshwa Toyota Highlander mbili zilizotoka Marekani. Wote tulitaka ya 2009: ni mpya zaidi, na moteri yake ya lita 2,7 inakunywa esansi kidogo. (Mtunza kese alikuwa amekwisha kuhesabu dola!)

Fundi alilala chini yake. Moteri ile inasukuma matairi ya mbele tu. Ile ya 2008, ya V6 lita 3,5, inasukuma yote 4.

Tulikumbuka mama aliyezalia matopeni mwezi wa nne. Tulichukua ya 2008. Esansi tunachangia kila juma, tukinung'unika.