Bolti Ilinionya, Nikafunga Kava

Mzee mmoja wa hapa Sironga amelipia injini ya pampu yake mara mbili. Mara ya kwanza alinilipa nimbadilishie ringi. Mara ya pili alinilipa nitengeneze kile nilichokiharibu mwenyewe, na pesa zile nilizipokea huku nikijua. Yeye ameshausikia ukweli kutoka kinywani mwangu. Wapo wengine ambao hawajausikia, na ndio ninaowaandikia.

Injini yenyewe ni Honda GX160, ile ndogo inayosikika ikinguruma kwenye mashamba ya mboga bondeni, mwezi wa Januari, kabla mvua haijarudi. Mzee anaitumia kumwagilia sukuma na chinsaga za kuuza sokoni. Ilikuwa ikitoa moshi wa samawati na kula oili, nikaifungua nikatia ringi mpya. Kazi ya kawaida. Shida ilikuja wakati wa kuirudisha konrodi kwenye kranki.

Konrodi ya injini hii ni ya aluminiamu, na kifuniko chake hushikwa na bolti mbili nyembamba za milimita 7. Kitabu cha mashine kinataka zikazwe kwa nyutoni-mita 12, yaani Nm 12. Bolti nne za silinda hedi, ambazo ni za milimita 8, zinataka Nm 24. Nati ya flaiwili inataka kama Nm 75. Siwezi kujitetea kwamba sikuzijua hesabu hizo, kwa sababu niliziandika kwa mkono wangu kwenye ubao wa kibanda. Spana ya toki nilikuwa nayo pia, na niliionea fahari, maana mafundi wengi wa barabara hii hukaza kwa kukisia. Lakini ilikuwa spana ndefu ya kichwa cha nusu inchi, na vipimo vyake vilianzia Nm 28 hadi 210. Hiyo ni spana ya nati za magurudumu ya gari. Ndiyo rahisi kuipata madukani Kisii mjini kwa kuwa ndiyo inayoulizwa na wengi.

Nikazungusha mpini hadi chini ya mstari wa 28, nikakadiria 12 ingekuwa wapi. Spana za namna hii zina springi ndani, na hulia zikifika kipimo ulichoweka. Ukiilegeza kupita alama ya chini kabisa, springi haishiki tena kwa kiasi kinachojulikana: inaweza kulia mapema, inaweza isilie kabisa. Yangu haikulia. Niliendelea kuvuta nikiusubiri ule mlio, na kwa mpini mrefu hivyo vidole viwili tu vinatosha kupita Nm 12.

Kisha bolti ikaniambia. Bolti inayokazwa vizuri huzidi kuwa ngumu kadiri unavyovuta. Hii ilikuwa ngumu, halafu ghafla ikalainika. Ikawa inazunguka bila kuongeza ugumu, kama kisu kinachopenya ndizi mbivu. Fundi yeyote anaufahamu ulaini huo. Ama thredi zinang'oka, ama bolti yenyewe imeanza kurefuka, na chuma kikishavutwa kupita kiasi chake hakirudi kuwa kilivyokuwa. Nilisimamisha mkono. Nilikuwa na muda wa kuifungua bolti ile, kuitupa, na kumpigia mzee simu kwamba pampu haitakuwa tayari leo. Sikufanya hivyo. Nilifunga kava, nikatia oili, nikaiwasha. Ikanguruma vizuri. Mzee akalipa, akanishukuru, akaipakia kwenye bodaboda.

Haikumaliza msimu. Bolti ilikatika injini ikiwa kwenye kasi, konrodi ikaachia ikapiga bodi ya injini na kuitoboa. Mzee akairudisha kwangu yeye na kijana wake.

"Mwanangu, tumekosea wapi?" akaniuliza.

"Omogaka, oili ilipungua."

Injini hii hubeba oili isiyozidi lita 0.6 hivi, na ikipungua kweli konrodi ndiyo huumia mapema. Ndiyo maana uongo wangu ulikubalika: ulifanana na ujuzi. Mzee akamgeukia kijana, ambaye ndiye aliyekuwa akiiwasha kila asubuhi, akamkemea mbele yangu. Kijana akasema aliipima oili. Alikuwa anasema kweli, na mimi nikanyamaza. Bolti ningeweza kusema ni ajali ya kazi. Kunyamaza kule kulikuwa uamuzi wangu.

Walipoondoka nikafungua kava. Kipande cha bolti kilikuwa kimebaki chini ya oili, na karibu na mahali kilipokatikia shingo yake ilikuwa imekonda, dalili kwamba ilivutwa kwanza kabla ya kukatika. Nikakitia mfukoni.

Baadaye nilitafuta spana inayofaa, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilimwagiza dereva wa matatu, akaniletea moja kutoka Barabara ya Kirinyaga, Nairobi: kichwa cha inchi tatu kwa nane, Nm 5 hadi 25. Anayetaka kununua asiangalie urefu wala mng'aro. Aanze na bolti ndogo kabisa anayoikaza, kisha atafute spana ambayo kipimo hicho kinaangukia katikati. Spana inayolia haiaminiki sana kwenye sehemu ya tano ya chini ya uwezo wake, hivyo ile ya Nm 210 hata kwa Nm 30 nisingeitegemea. Asome pia vipimo vyenyewe kwa makini. Nm 12 ni karibu sawa na 9 kwa futi-pauni, na ukiweka 12 upande wa futi-pauni umeshafika Nm 16. Na thredi ziwe safi, maana sehemu kubwa ya nguvu ya mkono huliwa na msuguano. Bolti iliyopakwa oili huvutika zaidi kuliko kavu hata spana ikisoma namba ileile.

Hata spana mpya siiamini kwa maneno ya boksi. Nabana kichwa chake kwenye jiriwa, mpini ukiwa umelala, nafunga kamba sentimita 25 kutoka katikati ya kichwa, natundika mtungi, kisha namimina maji polepole. Nikiwa nimeweka Nm 12, inapaswa kulia mtungi na maji vikikaribia kilo 5. Nikimaliza kazi narudisha mpini kwenye alama ya chini, springi ipumzike.

Nilimpelekea mzee kile kipande cha bolti nyumbani kwake. Nilimweleza yote, kijana akiwepo, kwa sababu yeye ndiye niliyemchafulia jina. Nikamwomba msamaha yeye kwanza, ndipo nikamwomba baba yake. Mzee alikigeuzageuza kile kipande, kisha akauliza, "Na zile nyingine ulizokaza kwa spana hiyo?" Pesa zake namrudishia kidogo kidogo, na bado hazijaisha. Lakini swali lake sikuwa na jibu lake.

Basi, kama uliwahi kuniletea pampu, jenereta au mashine ya kukoboa nikaifungua hadi kwenye konrodi kabla sijapata spana ndogo, irudishe, hata kama inanguruma vizuri. Nitaweka bolti mpya na hutalipa kitu. Usiiwashe kabla hujaileta.