KISU CHA MFUKONI: USIULIZE KIKALI KIASI GANI, ULIZA KINABEBEKA VIPI

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hakuna ubishi. Ila wahenga hawakuwahi kupanda bodaboda kutoka Katesh kwenda Basotu na kisu kizito kama nyundo kinawagonga paja kila kwenye shimo. Kisu kikali kilichoachwa nyumbani hakili nyama ya mtu yeyote. Kuna jamaa mmoja wa huko Manyara alilijua hilo kwa gharama kubwa.

Jamaa ni kijana wa wilaya ya Hanang, miaka 27. Anazunguka minadani kununua ng'ombe kwa mtaji wa baba yake mdogo. Kwenye kazi hiyo kisu si pambo. Kinakata kamba, kinatoa mwiba kwenye kwato, kinafungua gunia la pumba, na mchana mnada ukichangamka ndicho kinachomega nyama choma kwenye sinia. Mtu wa mnadani asiye na kisu ni wa kuazima azima tu, na wa kuazima huwa wa mwisho kula.

Wazee wa Kibarabaig wa huko kwao hawana shida hiyo. Mzee anavaa shuka, kiunoni ana mkanda, na kwenye mkanda kuna kisu ndani ya ala ya ngozi. Wahunzi wao wanajulikana siku nyingi kwa kufua visu, mikuki na bangili, hata Wahadzabe wa bonde la Yaeda huko Mbulu hupata vyuma kwao. Kisu cha ala kinakaa wima, hakikunjwi, hakimchomi mwenyewe, na mkono unajua kilipo hata gizani. Lakini kijana wa suruali ya jinzi anayeingia benki asubuhi na kwenye lori la ng'ombe mchana hawezi kutembea na kisu cha kiunoni. Anahitaji cha kukunja. Na hapo ndipo mitihani ilipoanza.

Kisu cha kwanza: kizuri mno kubebwa

Cha kwanza alipewa na shemeji yake anayeongoza wageni kupanda Mlima Hanang, ule wenye urefu wa mita 3,400 na ushee. Mgeni mmoja alipomaliza safari alikiacha kama zawadi, shemeji naye akakipitisha. Mpini wa chuma, ubapa mpana, loki ya uhakika, unafungua kwa dole gumba moja. Pembeni kina klipu ya kuning'iniza kwenye ukingo wa mfuko. Mtindo huo ulipata umaarufu baada ya kampuni ya Spyderco ya Marekani kutoa kisu chake cha Worker mwaka 1981, chenye klipu na tundu la kufungulia kwa mkono mmoja.

Vijana wa kijiweni walikipokezana kama simu mpya. Tatizo likaja kwenye kutembea nacho. Kilivuta suruali upande mmoja mpaka mkanda ukahama. Kilikwaruza kioo cha simu. Akikaa kwenye basi, kinamchoma nyonga. Baada ya wiki tatu kikahamia kwenye begi, na begi likawa linabaki gesti.

Siku moja wanapakia ng'ombe kwenye lori. Dume mmoja mweusi akateleza kwenye ngazi, kamba ya manila ikamkaba shingo, uzito wote ukaning'inia. Utingo anapiga kelele: "Kisu! Kisu!" Kijana akapeleka mkono mfukoni, akakuta funguo na vocha. Panga lilipopatikana, kilichobaki ilikuwa ni kumwahi kumchinja tu. Wachinjaji waliokuwa jirani wakamnunua kwa bei ya kutupa.

Baba mdogo hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Kisu kilikuwa wapi?"

"Kwenye begi, baba."

Mzee akatikisa kichwa, akaondoka. Minada miwili iliyofuata hakumpa hela.

Kisu cha pili: chepesi, lakini msaliti

Kijana akajifunza, akaenda upande wa pili kabisa. Kwa machinga akanunua cha elfu tano: chembamba, chepesi, hakisikiki mfukoni. Safi kabisa! Kumbe springi yake ilikuwa ya kubahatisha. Siku anashuka kwenye bodaboda kikafunguka humo humo mfukoni, ncha ikamwingia pajani. Si jeraha la kutisha, lakini alichechemea wiki nzima na suruali ikapata tundu.

Hili wengi hawalifikirii wanaponunua. Watu hujaribu makali kwenye karatasi, wanatikisa vichwa, wanalipa. Mtihani wa kwanza ungekuwa kukifunga, kukigeuza ncha chini na kukitikisa kwa nguvu. Kikichungulia, rudisha.

Ukweni ndiko kwenye mtihani

Katikati ya hayo yote, jamaa alikuwa na jambo kubwa zaidi ya ng'ombe. Kuna binti wa Kiiraqw, wa kule Mbulu juu, na siku ya kwenda kujitambulisha ilikuwa imepangwa. Safari ni Katesh hadi Dareda, halafu unapanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh, na baridi inakupokea ukiwa bado njiani. Akavaa koti na suruali ya kitambaa, akarudisha kazini kile kisu cha shemeji. Safari hii aliapa hatakiacha.

Wanakaribia mlango, mshenga akamvuta pembeni.

"Mdogo wangu, hicho kinachong'aa mfukoni ni nini?"

"Kisu, kaka. Cha kazi tu."

"Wewe unajua ni cha kazi. Wale wazee ndani wanaona kijana wa Hanang amekuja kuomba binti na makali yananing'inia. Kaache kwenye gari."

Na kweli klipu ndivyo ilivyo. Inakupa urahisi wa kuchomoa, lakini inamtangazia kila mtu una nini. Mnadani hakuna anayejali. Ukweni, kanisani, msibani au kwenye kikao cha usuluhishi wa mipaka ya mashamba, kile kipande cha chuma kinaongea kabla mwenyewe hujafungua mdomo.

Akakiacha. Wakaingia, wakasalimu, wakakaa. Muda wa kukabidhi vitu ukafika: sukari, majani ya chai, blanketi, vyote ndani ya boksi lililokazwa kwa kamba ya katani. Aliyelifunga ni jamaa mwenyewe, na alilifunga kama mtu anayefunga ng'ombe. Mshenga akahangaika na fundo, kucha zikagoma. Baba wa binti akauliza taratibu, "Hivi wageni wetu hawana hata kisu?"

Kimya. Jamaa jasho linamtoka kwenye baridi ya Mbulu.

Aliyeokoa jahazi ni shangazi wa binti, mama mtu mzima, mkulima wa vitunguu swaumu wa Bashay. Alikuwa kwenye kitenge, hana mfuko hata mmoja. Akaingiza vidole kibindoni, akatoa kisu kidogo cha kukunja, mpini wa mti uliolainika kwa miaka, ubapa umeliwa na jiwe la kunolea mpaka umekuwa mwembamba kama jani la mhindi. Kwa hicho hicho anakata mabua ya vitunguu msimu mzima. Akakata kamba mara moja, akakikunja, kikarudi kibindoni. Hakuna aliyekuwa amejua kama anacho.

"Mkwe," akamwambia kijana, "kisu si cha kuonyesha. Ni cha kuwa nacho."

Sebule nzima ikacheka, jamaa naye akacheka, na hali ya hewa ikalegea. Kile kicheko kilimsaidia kuliko hotuba aliyokuwa ameikariri njia nzima.

Alichochagua mwisho

Aliporudi hakuuliza tena kisu gani ni kikali. Alianza na mfuko. Akajiuliza siku yake anaipitisha wapi: kwenye pikipiki, kwenye lori, mbele ya wazee, kwenye kiti cha benki. Kisu kikishindwa sehemu moja kati ya hizo, kitaachwa, na kikishaachwa mara moja kitaachwa siku zote.

Aliangalia vya Uswisi, vile vyekundu ambavyo kizazi chake ni kisu cha maofisa cha Karl Elsener cha mwaka 1897. Vizuri, vina heshima popote, havitishi mtu. Lakini vyenye vifaa vingi vinanenepa, na vya kawaida ubapa wake haujifungi kwa loki, kwa hiyo kwenye kamba nene vidole vinakuwa na wasiwasi. Aliangalia pia Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Siku hizi kinatoka Afrika Kusini. Imara, rahisi, lakini chenye loki kikifunguliwa kinatoa mlio wa krr-krr. Huo mlio mbele ya wakwe? Hapana.

Akaangukia Opinel ya Ufaransa, namba 8, aliyoipata Arusha kwa muuza vitu vya mtumba. Mpini wa mti, ubapa wa sentimita 8.5, uzito karibu gramu 45, hata sabuni ya kipande ni nzito zaidi. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1890, na mwaka 1955 ikaongeza pete ya chuma shingoni: ukiizungusha, ubapa haurudi kukukata vidole. Matoleo ya karibuni pete inafunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo habari ya kuchomwa paja imeisha.

Kina kasoro zake. Kinataka mikono miwili kukifungua. Mti ukilowa unavimba na ubapa unakuwa mgumu kutoka, kwa hiyo anaupaka mafuta ya alizeti mara kwa mara. Lakini alipiga hesabu yake: kisu cha mikono miwili kilichopo mfukoni kinamshinda cha mkono mmoja kilichopo gesti.

Klipu hakina, na sasa hilo aliliona ni faida. Akaenda kwa fundi viatu Katesh, akashonewa kijiala cha ngozi kinachokaa ndani ya mfuko. Kisu kinasimama wima pembeni, hakigusani na simu, hakilali kwenye nyonga akikaa. Akafunga uzi mwembamba wa ngozi kutoka kwenye mpini hadi kwenye kitanzi cha mkanda, kwa ndani. Akivuta uzi, kisu kinafuata. Kikimponyoka juu ya lori, hakianguki kwenye kwato.

Baba mdogo alikiona siku anakatia kamba. Akakipokea, akakipima kiganjani, akakirudisha bila neno. Jioni yake akamwita, akamhesabia hela ya mnada unaofuata.

Na kule Mbulu? Mahari inazungumzwa. Shangazi ameshauliza mara mbili mkwe wake atapita lini.

Haya mdau, kagua mfuko wako sasa hivi. Kisu chako kipo, au kipo kwenye begi? Dondosha hapo chini unakibeba vipi, na wale wa kibindoni msijifiche.