Utani Hujibiwa, Dhihaka Hunyamazisha



Baadhi yenu huniuliza kama Mkristo anaruhusiwa kufanya mzaha. Mtakatifu Thomasi wa Akwino alikwisha kulijibu swali hilo katika karne ya 13: mzaha wa kiasi una nafasi katika maisha ya fadhila, na mtu asiyecheka kamwe, tena anayewakera wanaocheka, naye ana kosa. Basi inatupasa kuuliza tucheke namna gani, maana mizaha si ya aina moja.

Kuna mzaha wa kuyacheka mashaka yetu wenyewe. Hapa Kongo sote twaijua «Ibara ya 15». Husimuliwa kuwa ilianzia Kasai Kusini, baada ya uhuru wa 1960, ikiwaambia wananchi neno moja tu: jitafutieni wenyewe. Mama muuzaji wa soko la Kadutu akiulizwa watoto watakula nini, hujibu «Ibara ya 15», na wenzake hucheka pamoja naye. Kicheko hicho hakimdhalilishi maskini. Chamtia nguvu, na chawakumbusha wakubwa wajibu wao.

Kuna pia utani. Babu humwita mjukuu wake «bibi yangu», naye msichana hujibu kwamba hataki bwana asiye na meno. Nchini Tanzania makabila mazima hutaniana, kama Wanyamwezi na Wazaramo, hata msibani, kwa maneno ambayo mgeni angeyadhania matusi. Lakini utani una sheria yake: anayetaniwa ana haki ya kujibu, na wote wawili hubaki ndugu.

Aina ya tatu ni dhihaka, nayo haingoji jibu. Mwaka 1993 redio RTLM ilianza kutangaza huko Kigali. Vijana wengi waliipenda kwa muziki wake na kwa ucheshi wa watangazaji. Ucheshi huo ulichanganywa na kejeli juu ya jirani, hata juu ya pua na kimo chake, na mwaka 1994 redio ileile ikawa inahimiza mauaji. Mwezi wa Julai mwaka huo, nikiwa kijana kama ninyi, niliwaona wakimbizi wakivuka Ruzizi kwa maelfu na kuingia mji wetu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo.

Msidhani kwamba dhihaka huanza na redio. Katika miaka yangu ya ualimu nimeona mara nyingi kwamba mtoto anayechekwa kwa sababu ya matamshi ya kijijini kwao huacha kuinua mkono darasani. Jibu analijua, lakini hulimeza. Mizaha tunayopelekeana kwa simu juu ya sura na kabila la wengine ni ya jamii hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kusimulia kichekesho, jiulizeni: Je, huyu tunayemcheka angeweza kukisikia akiwa ameketi kati yetu? Je, angepewa nafasi ya kujibu? Mkiona kwamba angenyamaza na kuinamisha kichwa, kiacheni. Na mwingine akikisimulia, msimsaidie kwa kicheko chenu.

Katika mkutano ujao wa shirika lenu, kila mmoja alete kichekesho kimoja, nanyi mkipime pamoja kwa maswali hayo.