Kiingereza si cha ubaoni tu

Sisi tuliosoma Kiingereza kule ISP tunaulizwa kila mara: «Masomo hayo, nje ya kufundisha, yanaleta kazi gani?» Kwa sababu hiyo wazazi wengine wanawakataza binti zao.

Toni Morrison wa Marekani alimaliza masomo ya Kiingereza huko Howard mwaka 1953, akaendelea Cornell hadi 1955. Alifundisha kama sisi. Baadaye, akiwa ameachana na mume na akilea watoto wawili, aliingia nyumba ya vitabu ya Random House, akianzia vitabu vya shule. Alisoma maandiko ya wengine, akayanyoosha mpaka yakawa vitabu. Alfajiri, watoto wakiwa wamelala, aliandika chake. Kilitoka mwaka 1970. Mwaka 1993 akapata Tuzo ya Nobel.

Kwetu nyumba za vitabu ni chache. Lakini vitabu vya shule, vya dini na vya afya vyote vinahitaji jicho kabla ya kuchapwa, na sisi walimu tunasahihisha makaratasi kila usiku.

Basi binti anayependa kusoma tumwachie taa, na saa moja bila kumtuma maji.