Mashine ya Buger na Mgeni Aliyebuni Moto Wake

Pangani, injini ya mashua huwaka bila ubishi. Nahodha anazungusha hendeli mara chache na mlio unasambaa juu ya maji kabla abiria hawajakaa sawasawa. Buger, kusini mwa mji wa Karatu, injini ya aina hiyohiyo, ya silinda moja, imefungwa kwenye msingi wa zege ndani ya banda la mabati la kusagia mahindi, na asubuhi ya mwezi wa saba inataka kubembelezwa. Kwanza linaletwa birika la maji moto na kumiminwa kwenye tangi lililo juu ya silinda. Kisha wanaume wawili wanashika hendeli, huku fundi ameinua kiwiko kidogo kinachoachia upepo utoke. Wanazungusha. Gurudumu zito likishapata kasi, fundi anakishusha kiwiko. Unatoka moshi mweupe, halafu kimya. Wanaanza upya. Ikishika, akina mama waliokalia madebe yao wanasimama na kupanga foleni.

Ninafundisha vijana ufundi wa injini Tanga, na tofauti hii niliiandika daftarini kwa ajili yao. Injini ya dizeli haina plagi wala cheche. Inavuta hewa tupu na kuibana mpaka inabaki kama sehemu moja ya ishirini ya nafasi yake ya mwanzo, na hewa iliyobanwa kiasi hicho hupanda joto kupita nyuzi 500. Aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli akagusa shina la pampu anajua joto hilo linatoka wapi. Hapo nozeli hupuliza dizeli ndani, nayo huwaka yenyewe. Sasa Pangani iko usawa wa bahari. Buger iko zaidi ya mita 1,500 juu yake, pembeni mwa msitu wa Marang, na hewa ya huku ni pungufu kwa kama asilimia 15. Hewa pungufu ikikutana na chuma kilicholala kwenye baridi, joto linanyonywa kabla halijatosha kuwasha kitu. Maji yenyewe huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na kila anayepika maharage analijua hilo kwa kuni anazomaliza.

Tofauti ya pili ni moshi. Mashua ya Pangani ikibeba mzigo hutoa moshi wa kijivu. Mashine ya Buger, ilipofika mpya kutoka dukani, ilitoa moshi mweusi tii kila mahindi yalipomiminwa kwa wingi. Fundi akakaza skrubu ya pampu kupunguza dizeli, akawaambia wanaomimina waende polepole. Hakusoma popote kwamba dizeli nyingi kwenye hewa chache haiungui yote. Aliuona moshi, akanusa harufu yake, akafikia jibu ambalo mimi hulifundisha kwa ubao na chaki kwa wiki nzima.

Huyu fundi si mtu wa Buger. Ni Mnyiramba, alikuja Karatu akiwa utingo wa lori la mahindi, akabaki, akaoa, na Kiiraqw anakizungumza hata akiwa amekasirika. Jioni, mkanda ukiwa umetolewa na vumbi la dona limetua, nilimweleza habari za mtu aliyebuni moto wa mashine yake. Swali lake la kwanza lilikuwa: “Sasa mwalimu, kwao ni wapi hasa?”

Si swali jepesi. Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi 1858. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kushona bidhaa za ngozi, mtu wa Augsburg huko Bavaria aliyehamia Ufaransa kutafuta riziki. Mtoto alikua akisema Kifaransa mitaani na akisukuma mkokoteni wa kupelekea wateja mizigo ya baba. Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Wajerumani wa Paris wakafukuzwa. Familia ikavuka bahari mpaka London, ambako hawakuwa na kitu. Ndipo Rudolf, akiwa na miaka 12, alipopakiwa peke yake kwenda Augsburg kwa ndugu wa ukoo, mwalimu wa hesabu aliyejitolea kumlea. Paris alikuwa Mjerumani. Augsburg akawa mtoto aliyetoka Ufaransa.

Fundi alitikisa kichwa. “Huku mimi ni Mnyiramba. Nikienda kwetu Kiomboi wananiita Mmbulu.”

Katika chuo cha ufundi cha München, Diesel alifundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza baridi. Linde ndiye aliyewaonyesha wanafunzi kwamba injini za mvuke za wakati ule, pamoja na ukubwa wao wote, ziligeuza kuwa kazi kama asilimia 6 hadi 10 tu ya joto la makaa. Lililobaki lilikwenda hewani. Diesel aliandika pembeni ya daftari lake la mihadhara kwamba jambo hilo inafaa lichunguzwe. Mfaransa Sadi Carnot alikuwa ameshaeleza mwaka 1824 kwamba kazi inayoweza kupatikana kutoka kwenye joto ina mpaka, na mpaka huo hutegemea tofauti kati ya joto linaloingia na joto linalotoka. Kijana akaona pengo lililokuwepo kati ya mpaka huo na mashine za mvuke, na pengo hilo likamshika kwa maisha yake yote. Alimaliza chuo mwaka 1880 kwa alama ambazo chuo hakikuwahi kuziona, akarudi Paris kumfanyia Linde kazi ya mitambo ya barafu. Akawa tena mgeni katika mji aliozaliwa, Mjerumani miongoni mwa watu waliokuwa bado hawajasahau vita. Mwaka 1890 akahamia Berlin.

Hataza ya injini yake aliipata mwaka 1893. Kiwanda cha mashine cha Augsburg na kampuni ya Krupp vikamwekea fedha. Jaribio la kwanza, Agosti 1893, lilivunja kipimo cha mgandamizo vipande vipande, lakini hewa iliyobanwa ilikuwa imewasha mafuta, na hilo ndilo alilotaka kulijua. Tarehe 17 Februari 1897 profesa Moritz Schröter aliipima injini ya tatu: nguvu za farasi 20, na asilimia 26.2 ya joto la mafuta ikigeuka kazi.

Injini hiyo nimewahi kusimama mbele yake katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum, München. Ina urefu wa mita 3 na uzito wa tani 4 na nusu, na mtu huiangalia akiwa ameinua shingo. Kibati cha mashine ya Buger kinasema nguvu za farasi 20 vilevile. Lakini hii iliteremshwa kwenye lori na wanaume wanne, wakaipitisha miti chini, wakaibeba mpaka bandani. Kilichoko katikati ya injini hizo mbili ndicho kilichonileta mpaka huku.

Diesel hakukusudia kujenga dubwana la mita 3. Tangu mwanzo aliwafikiria mafundi wadogo, watu wa aina ya baba yake. Injini ya mvuke ilikuwa ghali, kubwa, yenye njaa ya makaa. Aliyeimudu ni tajiri wa kiwanda, na fundi wa kujalidi alibaki na mikono yake au akaenda kuajiriwa. Diesel aliamini injini ndogo, isiyokula sana, ingemwezesha mtu kubaki na karakana yake. Ulaya haikwenda njia hiyo. Injini yake iliishia kwenye mitambo ya umeme na melini. Mwaka 1912 meli ya Selandia, iliyoundwa Copenhagen, ikasafiri bahari kuu bila tanuri la mvuke. Kwetu hata hizo kubwa zilichelewa. Meli ambayo Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913 kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, ile tunayoiita Liemba, ilikuwa ya mvuke, na ilibaki ya mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli.

Aliyeifanya injini iwe ndogo kweli alikuwa mtoto wa mkulima kutoka Shiga, Japani. Magokichi Yamaoka aliiona injini ya dizeli kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1932, akarudi nyumbani na nia ya kumtengenezea mkulima injini anayoweza kuimiliki, na mwaka uliofuata akaipata. Ndiye mwanzilishi wa Yanmar, jina ambalo kila nahodha wa Pangani analijua. Mwaka 1957 Yamaoka alipeleka mawe kutoka Japani mpaka Augsburg, yakajengewa bustani ya kumkumbuka Diesel, na bustani hiyo ipo. Nilipofika pale nilimwona mzee mmoja akilisha ndege, na kwenye mawe maandishi ya Kijapani kando ya ya Kijerumani. Kwa maoni yangu hakuna ukumbusho wa Diesel unaomstahili kuliko huo, kwa sababu uliletwa na mtu aliyetimiza nia yake ya kwanza. Injini nyingi za mashine za kusaga za sasa, hii ya Buger ikiwemo, hutoka viwanda vya Uchina, lakini zina umbo lilelile: silinda moja iliyolala, gurudumu zito, tangi la maji juu.

Mashine ya Buger haina tajiri. Ni ya kikundi cha akina mama walioanza kwa kuweka hisa kila wiki, wakakopeshana, mpaka mfuko ukatosha. Mweka hazina hukaa mlangoni na daftari la mistari. Kila debe linalopita linaandikwa, na dizeli ya siku inatolewa humo humo mbele ya macho ya wote. Nilikaa naye muda mrefu. Mwaka 1903 Diesel alitoa kitabu alichokiita Solidarismus, ambamo alipendekeza wafanyakazi wachange kidogo kidogo kwenye mfuko mmoja, mfuko uwadhamini wafungue shughuli zao, na shughuli hizo wazimiliki wenyewe. Kila shughuli aliiita mzinga wa nyuki. Kitabu hakikununuliwa. Waliomsifu kwa injini walikipita kimya, na kwa kadiri ninavyomwelewa mtu huyu, kimya hicho kilimuumiza kuliko kesi za hataza. Nilipomsimulia mweka hazina habari za mfuko ule, aliuliza jambo moja la maana: “Anayekopa asiporudisha, kitabu chake kinasemaje?” Kwenye kikundi chao jibu lipo, limeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari, na wanalifuata.

Deni lilimjia Diesel mwenyewe. Fedha za hataza alizitumbukiza katika ardhi na biashara zilizomshinda. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, kuhudhuria shughuli za kiwanda kipya cha injini zake, na asubuhi hakuwemo. Kitanda hakikulaliwa. Siku chache baadaye mabaharia wa Uholanzi waliuona mwili baharini, wakachukua vitu vya mfukoni, na mwanawe Eugen akavitambua. Wengi walioandika maisha yake wanaona alijitoa uhai. Fundi aliposikia hayo alinyamaza, akaenda kufunga koki ya dizeli.

Kesho yake tulizungumza alizeti. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel alipenda kulikumbusha jambo hilo baadaye: kwamba mkulima anaweza kuotesha mafuta ya injini yake shambani. Fundi alijaribu mafuta ya alizeti wakati dizeli ilipoadimika. Injini iliwaka. Lakini mafuta ya mimea ni mazito, hasa kwenye baridi ya huku, nozeli ikaziba kwa masizi, naye akaapa kwamba alizeti ni ya kukaangia. Nilimwambia mafuta yakipashwa moto kwanza huwa mepesi. Alikubali kwa kichwa, ila nadhani nozeli mpya aliyoinunua bado inamuuma.

Umeme sasa umefika. Nguzo zinapita karibu na banda, na kikundi kimeshalipia mota. Nimewauliza akina mama kama wataikumbuka injini, na hakuna aliyesita: mota haina moshi, haina hendeli ya kuvunja mkono, na mtoto anaweza kulala mgongoni mama akisubiri unga. Wana haki. Miaka yote hii theluthi mbili ya dizeli waliyoilipia imekuwa ikitoka kwenye bomba la moshi na kwenye maji yanayochemka juu ya silinda, na sehemu ya moshi huo imeingia vifuani mwao.

Injini yenyewe imepata mnunuzi, mkulima wa vitunguu kutoka Mang'ola, anayeitaka kwa pampu ya kumwagilia. Mang'ola iko chini kabisa, bondeni karibu na Ziwa Eyasi, mita 1,000 na kitu tu, na kuna joto. Fundi ameambiwa aisindikize akaifunge. Tumekubaliana kwamba akifika aifungue tena ile skrubu ya pampu, taratibu, robo mzunguko kila mara, akiangalia rangi ya moshi, kwa sababu kule injini itapata hewa ya kutosha kuliko iliyowahi kuipata Buger.