Kwa treni hadi mwisho wa reli: Niliyojifunza na wanangu Kigoma na Ujiji

Binti yangu wa miaka 12 alirudi kutoka shuleni siku moja akiwa kimya. Nilipombana akasema wenzake walikuwa wakitaja makwao, naye akataja Kigoma. Mmoja akamwambia, "Kumbe wewe ni Mrundi!" Darasa zima likacheka.

Mzazi yeyote mwenye asili ya Kigoma ameshasikia maneno hayo, mara kwa utani, mara kwa maswali marefu kwenye meza ya ofisi fulani. Mimi nimekua nayo. Nilimwambia binti yangu asijali, lakini usiku ule niligundua kuwa sikuwa na jibu la maana la kumpa. Wanangu wote wawili wamezaliwa Dar es Salaam. Kigoma wanaijua kupitia simu tu: sauti ya bibi yao anayeishi Ujiji, na nyimbo za wasanii wenye asili ya huko.

Likizo ya Juni ilipofika tukafunga mabegi. Ningeweza kuwapandisha ndege, lakini nilitaka waione nchi yote iliyopo kati ya Dar es Salaam na Ujiji. Tukaenda kwa treni.

Treni mbili, safari moja

Kipande cha kwanza tulipanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024. Ni saa chache tu. Mdogo wa miaka 8 alikuwa hajamaliza hata kuhesabu mahandaki, mara tumefika. Tulilala Dodoma, na kesho yake tukahamia stesheni ya zamani iliyopo katikati ya mji. Stesheni hizi mbili haziko pamoja, kwa hiyo jipangie muda na nauli ya bajaji au teksi.

Kutoka hapo ni reli ya zamani, ile iliyojengwa na Wajerumani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Urefu wote ni zaidi ya kilomita 1,200. Treni hii haina haraka. Inasimama Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, na kila stesheni ina soko lake dirishani. Watu wanauza kuku, karanga, mihogo na asali ya Tabora kwenye chupa zilizowahi kuwa za maji.

Saa mbili za kwanza wanangu walilalamika kuwa mtandao haukamati. Saa ya tatu wakaanza kucheza karata na watoto wa behewa letu. Usiku mama mmoja aliyekuwa anarudi Kasulu akawafundisha kuhesabu kwa Kiha. Asubuhi niliwakuta dirishani wakitazama miombo inavyopita, hakuna aliyekumbuka simu.

Nikawaeleza kuwa reli hii imefuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara ya zamani, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Mdogo akapiga hesabu kwa vidole. "Miezi saba? Sisi siku tatu!" Nikamwambia ndiyo, na wengi waliopita njia ile hawakupita kwa hiari yao.

Stesheni, meli na mawese

Ukitoka kwenye treni Kigoma unakutana na jengo la stesheni la Wajerumani, na ziwa linang'aa mbele yako. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Duniani ni Baikal la Urusi pekee linalolizidi. Nchi nne zinaligawana: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Watoto walipenda zaidi kisa cha meli ya Liemba. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma, kisha ikaundwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 ndiyo iliyobeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kuwaleta Kigoma.

Binti yangu aliposikia neno Burundi akanitazama. Sikusema kitu. Nilitaka aone kwanza.

Akaona. Pale Mwanga sokoni wapo wanawake wa Kikongo wanaouza vitenge, na Kiswahili chao kina ladha nyingine. Kwenye duka moja unasikia rumba, la pili Bongo Fleva. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu walijikusanya wakajiita Kigoma All Stars na kutoa wimbo wa Leka Dutigite, jina la Kiha lenye maana ya kujivuna na chako. Wanangu walikuwa wakiucheza nyumbani bila kujua ni lugha gani.

Na kuna chakula. Tulikula ugali wa muhogo kwa migebuka iliyopikwa kwa mawese. Mdogo alikataa rangi ile nyekundu, akaonja, akaomba tena. Asubuhi tulikwenda mwalo wa Kibirizi kutazama dagaa wakianikwa. Mvuvi mmoja akawaeleza watoto kwamba mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. "Miezi mitatu bila ziwa, nyumbani kuna watoto kama nyie," alisema. "Lakini samaki wakiisha, tutawalisha nini miaka yote?" Binti yangu aliandika maneno hayo kwenye daftari lake.

Ujiji kwa bibi

Ujiji iko kilomita chache kusini mwa Kigoma. Wageni wengi wanakwenda kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kuna makumbusho, miembe, na sanamu za Wazungu wawili wakisalimiana kwa kuinua kofia.

Binti yangu alizizunguka, kisha akauliza, "Mama, mizigo yao ilibebwa na nani?"

Nikamweleza habari za wapagazi. Nikamtajia Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutoka mbio kumpokea Stanley hapohapo Ujiji. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi na mwenzake Chuma waliongoza msafara uliobeba mwili wake hadi Bagamoyo. Pia nikamweleza juu ya watu waliofungwa minyororo wakapelekwa pwani pamoja na pembe za ndovu. Sikupamba. Nilidhani atalia, lakini aliuliza tu kama kuna mtu anayeyajua majina yao.

Jioni tulikaa barazani kwa mama yangu. Mjukuu akamsogelea bibi yake, akamwambia alichoambiwa shuleni. Mama akaweka kikombe chini.

"Kwanza, mjukuu wangu, kuwa Mrundi si tusi. Nina majirani Warundi, tumezikana na tumeozeshana. Pili, sisi ni Wamanyema. Babu yangu aliletwa ng'ambo ya ziwa akiwa mtoto mdogo, hakujua hata jina la kijiji chao. Alikuja na watu wa misafara. Hakuja kwa kupenda."

Nilikuwa na miaka 41 na sikuwahi kusikia habari ile. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Hukuuliza. Na zamani mambo hayo yalikuwa aibu kusemwa. Aibu ni ya aliyefunga kamba, si ya aliyefungwa, lakini mpaka uzeeni ndiyo nimeelewa hivyo."

Akaendelea kuwaeleza wajukuu kwamba mji huu ulijengwa na watu wa kila upande: Waha, Wamanyema, watu wa pwani, Waarabu. Ndiyo maana Kiswahili kina mizizi mirefu hapa na misikiti ni ya siku nyingi. Mpaka ulichorwa baadaye, watu wakiwa tayari wanaishi pande zote mbili za maji. "Mtu akikuuliza," alimwambia binti yangu, "mwambie kwenu ni Ujiji, na kwamba bibi yako yupo hai, aje aulize."

Sasa reli mpya inakuja. Mkataba wa kujenga SGR ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Watoto wa wanangu huenda wakaimaliza safari hii kwa siku moja. Nafurahi, lakini nashukuru wangu walienda taratibu.

Ukitaka kwenda na watoto

Nunua tiketi za vitanda mapema, maana treni ya zamani haiondoki kila siku. Beba maji, blanketi na vitafunwa. Usipange jambo la lazima siku ya kufika. Kigoma chukua chandarua na dawa za mbu. Kabla watoto hawajaingia ziwani uliza wenyeji, kwa sababu kuna sehemu zenye kichocho. Ukienda Gombe, alikoanza Jane Goodall kuwafuatilia sokwe mwaka 1960, ulizia kwanza masharti ya umri, na kwenye boti kila mtoto avae jaketi okozi. Kama una mzee huko, mtengee jioni nzima, simu zikiwa ndani ya mkoba.

Shule zilipofunguliwa nilimuuliza binti yangu kama wenzake wameacha utani. Akasema hapana. Mwalimu wa historia alipofika kwenye biashara ya watumwa, yeye alinyoosha mkono, akasimama, akasimulia habari za babu wa bibi yake. Nikamuuliza kama walicheka.

"Hawakucheka," akasema. "Mmoja aliniuliza kama na yeye ampigie bibi yake simu."