Kutoka Mezani kwa Mzee

Nilipoajiriwa kama msoma prufu katika gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam, mwongozo wetu wa uandishi ulikuwa mtu. Tulimwita Mzee. Ukitatizwa na jambo unasogea mezani kwake, anashusha miwani, anatoa hukumu, unarudi kwenye kiti chako. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ile ya mwaka 1981, ilikuwa pembeni yake, jalada limeng'oka, lakini aliifungua kwa ajili ya wabishi tu.

Taabu ilikuwa siku zake za mapumziko. Ukurasa wa kwanza unasema Sh2,500, wa tatu Sh. 2,500/=, wa biashara shilingi elfu mbili na mia tano. Sukari ile ile, gazeti lile lile.

Alipokaribia kustaafu tukaagizwa tuziandike hukumu zake. Tulianza na daftari la kaunta. Kila ubishi uliokwisha uliingia humo. Nilidhani tahajia ndiyo itatusumbua, kumbe kilichotutoa jasho ni saa. Shirika la habari la nje linasema mechi ni saa 16:00 GMT. Mmoja anaandika saa 10:00 jioni, mwenzake saa 1:00 usiku. Wa pili ndiye aliyepatia, maana sisi tuko mbele kwa saa tatu. Na “usiku wa Ijumaa” je? Kwa wazee wa pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo huo ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa kijana wa Mwanza ni Ijumaa yenyewe. Chai ilipoa. Tukakubaliana: “usiku wa kuamkia Ijumaa”, na tarehe juu yake.

Habari za mahakamani hazikuwa na mjadala, wakili alishasema: mtuhumiwa akiwa polisi, mshtakiwa akisomewa mashtaka, na mwizi hakuna mpaka hukumu itoke.

Daftari likawa kijitabu, kijitabu kikawa faili kwenye simu za wote. Hapo mambo yakageuka. Binti aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alifuta “Mheshimiwa” zote kwenye habari ya mhariri wa siasa, akabakiza moja.

“Nani kakutuma?”

“Shikamoo mhariri. Ukurasa wa tisa: cheo mara ya kwanza, kisha jina.”

Enzi za Mzee asingethubutu. Mhariri alikubali kwa shingo upande, na kwenye kikao kilichofuata akaleta hoja kanuni ile ifutwe. Hakupata wa kumuunga mkono.